Sirki ya Batoto na Jina la Ubangi

Siku hizi aniverseri ya mtoto haiishie tena kwenye gato na sukari. Lazima kuwe na "thème": jana princesse, leo mpira, na sasa ni zamu ya sirki, ile wengine wanaita sarakasi. Yaya yangu anamupangia binti yake feti ya miaka 5 ya namna hiyo, na mimi njo walinipa kazi ya dekorasio. Baluni, kofia za karatasi, pua nyekundu ya clown, ile yote si shida. Shida ilikuja kwenye kona ya picha. Mupiga picha alitutumia mfano: kizimba cha makarto, mtoto ndani, amevaa kitambaa cha madoadoa ya chui, na juu wameandika "Sauvage d'Afrique". Familia ilicheka sana. Mimi nilikataa, wakaniuliza juu ya nini. Jibu ni refu kidogo.

Sirki haikuanza na kizimba. Ilianza na farasi. Mwaka 1768, kule London, Philip Astley, askari wa zamani wa wapanda farasi, alianza kuonyesha watu namna ya kusimama juu ya farasi anayekimbia. Alimzungusha farasi kwenye duara, kwa sababu mwendo wa kuzunguka unamsaidia mpandaji kushika usawa. Duara la sirki likatulia kwenye upana wa karibu mita 13, na kipimo hicho kingali kinatumika. Baadaye akaongeza warukaji, watembea juu ya kamba na wachekeshaji. Ukiangalia vizuri, yote ile ni mazoezi na jasho. Hakuna kitu cha kumuonea mtu haya.

Kizimba kilikuja karne ya 19, pamoja na biashara ya wanyama. Carl Hagenbeck wa Hamburg, muuzaji mkubwa wa simba na tembo, aliona miaka ya 1870 kwamba hata watu wanaingiza pesa. Akaleta Wasami wa kaskazini ya Ulaya, kisha watu kutoka Sudani, waonyeshwe pamoja na mifugo yao. Kule Marekani, P. T. Barnum naye alifanya hivyo katika sirki yake mwaka 1884. Na sisi tulifikiwa: mwaka 1897 Wakongomani 267 walipelekwa Tervuren, Ubelgiji, kwa maonyesho ya Léopold II. Walijengewa vijiji vya kuangaliwa, wazungu wakipita nje ya uzio. Saba walikufa, na makaburi yao yako kule mpaka leo. Ile haikuitwa sirki, lakini mteja alilipa kuona kitu kilekile.

Hadithi inayoniuma zaidi ni ya 1930. Sirki ya Ringling Bros. and Barnum & Bailey ilileta Marekani wanawake wenye midomo iliyotanuliwa kwa sahani. Walikuwa Wasara, kutoka eneo ambalo leo ni Chad. Mtu wa matangazo, Roland Butler, alitafuta kwenye ramani ya Afrika jina lenye mlio mzuri wa kuuzia tiketi. Akaona Ubangi. Basi! Mto wetu ukageuka kabila. Mabango yakawaita washenzi wa Ubangi, watu wakajaa, na kwa miaka mingi neno lile likabaki Marekani la kuchekea midomo ya watu weusi. Fikiria mwanafunzi wa Gbadolite au Gemena akisikia jina la nyumbani kwao linatumiwa vile. Sisi wa agronomie tunajua hatari ya etiketi ya uongo kwenye mfuko wa mbegu: mkulima anapanda, anapalilia, anangoja, kumbe jina tu njo lilimudanganya.

Yaya alinijibu kwamba mtoto wa miaka 5 hajui Tervuren. Ni kweli, hajui. Lakini picha itabaki kwenye simu, na siku moja atakuwa anajua. Tena kizimba hata kwenye sirki yenyewe kinapotea: Ringling iliacha tembo mwaka 2016, ikafunga 2017, ikarudi 2023 bila mnyama hata mmoja. Watu bado wanalipa kuangalia wanaoruka.

Kwa hiyo nimerudia kwa Astley. Parseli yetu haina mita 13, nimepima nikapata 6 tu, kati ya jiko na mti wa avoka. Kijiti katikati, kamba ya mita 3, majivu ya kuchorea, kama vile tunapima bustani. Farasi watakuwa mafagio. Vijana wawili wa avenue yetu, wale wanaorukaruka kila jioni kwenye mchanga, wamekubali kuja, wanaomba chakula na transport. Kamba ya kutembelea tutailaza chini, juu ya batoto wadogo.

Imebaki mupiga picha. Alishakata makarto yake na anataka alipwe, na ana haki. Yaya amesema tusitupe: tutoe vyuma vya kuchora, tufungue dirisha mbele, kiwe kibanda cha kuuzia tiketi, na binti yake akae ndani kama bosi.