Milimita 205

Mtu akifunga rimu za Porsche kwenye Volkswagen Beetle ya zamani, wapenda magari hugawanyika palepale. Wapo wanaosema limependeza. Wapo wanaocheka: maskini kaazima suti ya tajiri. Hawa wa pili ndio ninaotaka kubishana nao, kwa sababu wanaisoma nasaba ya magari haya kuanzia mwisho.

Tuanze na matundu. Beetle ilibuniwa miaka ya 1930 na ofisi ya Ferdinand Porsche, na magurudumu yake yalishikwa na bolti tano zilizopangwa kwenye duara la kipenyo cha milimita 205. Ni duara kubwa mno kwa gari dogo vile. Rimu yenyewe ilikuwa na uwazi mpana katikati, ikafungwa karibu na ukingo wa dramu ya breki, na dramu ikawa ndiyo kitovu cha gurudumu. Kwa hiyo chuma kilitumika kidogo. Lilikuwa gari lililokusudiwa kuwa rahisi, na ubahili huo unaonekana hadi kwenye matundu.

Mwaka 1948, huko Gmünd, Austria, ambako ofisi hiyo ilikuwa imehamishiwa wakati wa vita, Ferry Porsche, mwana wa Ferdinand, aliunda na wenzake gari la kwanza kubeba jina la ukoo wao. Lilipata kibali cha barabarani tarehe 8 Juni. Injini ilikuwa ya Volkswagen iliyoongezwa nguvu. Giaboksi, usukani na breki vilitoka hukohuko. Na magurudumu? Matundu matano, milimita 205. Septemba mwaka huohuo Porsche wakatia saini mkataba na Volkswagen uliowahakikishia vipuri kutoka Wolfsburg.

Kwa maneno mengine, gari la kwanza la Porsche lilikuwa ndiyo hasa kitu wanachokicheka wale jamaa: gari moja lililovalishwa magurudumu ya jingine. Tofauti ni kwamba aliyefanya hivyo alikuwa na jina la kubandika kwenye boneti. Mimi nasomea historia, na sijaona hoja inayoonyesha kwamba kuchanganya vipuri ni ubunifu kikifanywa na kiwanda na ni uharibifu kikifanywa na mwenye gari. Asili hapa ni mahali ambapo mtengenezaji aliamua kusimama, basi.

Undugu huu wa magurudumu ulivunjwa na breki za disiki. Duara la milimita 205 lilifaa kwa dramu. Disiki ya kawaida, yenye kalipa inayoibana kutoka nje, ililisumbua. Kwanza Porsche walikataa kuachana na duara la zamani. Kwenye Carrera 2, na pia kwenye gari lao la Formula 1 la 1962, walitumia disiki iliyopinduliwa: ilishikwa kwenye ukingo wake wa nje, na kalipa ikaibana kutoka ndani. Napenda sana ukaidi huu. Wahandisi waliigeuza breki nzima ndani nje, na gurudumu likabaki lilivyokuwa. Haukudumu lakini. Mwaka 1963 modeli ya 356 C ilitoka na disiki za kawaida za kampuni ya ATE, na duara likashuka hadi milimita 130. Porsche 911 ikarithi kipimo hicho.

Volkswagen nao wakashuka hadi milimita 130 zilezile, ila kwa bolti nne. Zilianza kwenye Volkswagen 1600 mwaka 1965, zikafika kwenye Beetle 1500 yenye disiki za mbele mwaka 1966. Beetle zilizopelekwa Marekani zilisubiri hadi toleo la 1968. Ndugu wawili waliihama nyumba ya wazee, wakajenga viwanja vinavyopakana, kisha kila mmoja akaweka kufuli lake.

Mwaka 1969 walijaribu kurudiana kwa gari la pamoja, VW-Porsche 914. La silinda nne lilikuwa na matundu manne, la silinda sita matano, yote kwenye duara la 130. Ungeweza kuhesabu bolti za jirani yako ukajua alilipa kiasi gani. Ndiyo maana rimu za 914 ya silinda nne hukaa kwenye bolti za Beetle ya baadaye bila kutoboa kitu, ilhali zile maarufu za Fuchs za 911 hukataa kwa tundu moja tu.

Afrika Mashariki ina ukumbusho wake wa mgawanyiko huu, na ni wa baba na mwana. Vic Preston alishinda mbio za Safari mwaka 1954 kwa Volkswagen. Mwaka 1978 mwanawe, Vic Preston Mdogo, alimaliza wa pili katika mbio hizohizo kwa Porsche 911. Gurudumu la baba lisingeingia kwenye gari la mwana.

Kupima si kazi ngumu. Kwenye matundu manne unanyoosha rula kutoka tundu hadi lile linalolikabili. Kwenye matano hakuna linalokabiliana na jingine, kwa hiyo pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya jirani yake. Ukipata 120 na nusu, hiyo ni ya zamani, ya 205. Ukipata 76 na kidogo, ni ya 130.

Lakini nasaba haibebi uzito wa gari. Bolti ya kiwandani ya Volkswagen ina shingo ya mviringo kama mpira, na rimu nyingi za madukani zinataka shingo ya pia. Ukichanganya, bolti itakaza vizuri mkononi huku inagusa chuma kwenye ukingo mwembamba tu, kisha italegea barabarani. Rimu inayotokeza sana nje huzielemea beringi, na inayoingia sana ndani husuguana na gari. Dramu iliyotobolewa upya kwa kukadiria kwa macho, mimi siipandi, hata kama rimu zake zinang'aa vipi.

Siku hizi wapo watengenezaji wanaouza rimu zenye sura ya Fuchs na matundu matano ya milimita 205, kwa ajili ya Beetle za zamani. Fuchs za 911 hazikuwahi kutoboliwa hivyo, kwa sababu zilipotoka mwaka 1966 Porsche walikuwa wameshaliacha duara hilo kwa miaka mitatu.