Nusu Siku ya Mtoto: Saa za Chekechea Zinazogharimiwa na Serikali ya Uingereza na Masharti ya Kuzipata, 1945–2025

Mjadala wa leo kuhusu saa za bure katika shule za chekechea za Uingereza huendeshwa kana kwamba ni suala la soko la ajira tu. Historia yake inaonesha vingine. Kwa miaka themanini swali la nani anastahili huduma hiyo limejibiwa kwa namna mbili zinazokinzana: mara mwenye haki ni mtoto, mara ni mzazi afanyaye kazi. Uingereza inayozungumziwa hapa ni England peke yake, kwani Scotland, Wales na Ireland Kaskazini zina taratibu zao.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia akina mama walihitajika viwandani, nayo serikali ikafungua vituo vya kulelea watoto kutwa. Kufikia mwaka 1944 vilikuwa takribani 1,500, vikilea watoto wapatao 70,000. Desemba 1945 Wizara ya Afya ilitoa Waraka Na. 221/45, ulioshikilia kwamba mahali pa mtoto wa chini ya miaka miwili ni nyumbani kwa mama yake. Mwaka uliofuata ruzuku ya serikali kuu ikapunguzwa, mzigo ukahamia kwa serikali za mitaa, na vituo vingi vikafungwa. Mahitaji ya mtoto hayakuwa yamebadilika; kilichobadilika ni haja ya taifa kwa mikono ya mama yake.

Kamati ya Bridget Plowden, iliyotoa ripoti yake mwaka 1967, iliweka msingi tofauti. Ilitaka elimu ya awali ipanuliwe kwa watoto wote ambao wazazi wao wangeihitaji, lakini kwa walio wengi iwe ya nusu siku, kwa imani kwamba mtoto mdogo hafai kutenganishwa na mama yake kutwa nzima. Desemba 1972 Margaret Thatcher, akiwa Waziri wa Elimu, aliahidi kulitekeleza pendekezo hilo katika muda wa miaka kumi. Msukosuko wa bei ya mafuta na upunguzaji wa matumizi ya serikali uliofuata uliidhoofisha ahadi hiyo, kisha Sheria ya Elimu ya 1980, iliyopitishwa chini ya serikali yake mwenyewe, ikaziachia serikali za mitaa hiari ya kutoa huduma au kutoitoa. Hivyo mahali inapoishi familia pakawa sharti la kwanza la ustahiki, ingawa sharti hilo halikuandikwa popote.

John Major alijaribu vocha. Mwaka 1996 wazazi wa watoto wa miaka minne katika maeneo manne ya majaribio walipewa vocha za thamani ya pauni 1,100. Mpango huo ulienezwa nchi nzima Aprili 1997, ukafutwa mwaka huohuo baada ya chama cha Labour kushinda uchaguzi. Kuanzia 1998 kila mtoto wa miaka minne alipata nafasi ya saa 12.5 kwa wiki, bila mzazi kuulizwa ajira wala mshahara. Mwaka 2004 haki hiyo ikawafikia wote wa miaka mitatu. Saa 12.5 ni saa mbili na nusu kwa siku tano, yaani nusu siku ya Plowden iliyogeuzwa kuwa tarakimu. Mama mwenye kazi ya kutwa hazikumtosha, lakini hazikupangwa kwa ajili yake. Mwaka 2010 zilifika 15, na kuanzia 2013 watoto wa miaka miwili wa kaya maskini nao wakaingizwa.

Mgeuko ulikuja na Sheria ya Malezi ya Watoto ya 2016. Kuanzia Septemba 2017 watoto wa miaka mitatu na minne waliongezewa saa 15 nyingine, ila kwa masharti: kila mzazi awe na kipato kisichopungua ujira wa saa 16 kwa wiki kwa kima cha chini cha mshahara, na yeyote kati yao asizidi pauni 100,000 kwa mwaka. Kipimo hicho ni cha mzazi mmoja mmoja, si cha kaya. Wenzi wanaopata pauni 99,000 kila mmoja wanastahili; familia ya mzazi mmoja anayepata pauni 101,000 haistahili; mama asiye na kazi hastahili, isipokuwa katika hali chache kama vile ulemavu. Uthibitisho hurudiwa kila baada ya miezi mitatu, jambo jepesi kwa mwenye ajira ya kudumu na gumu kwa kibarua ambaye saa zake hupangwa upya kila wiki.

Saa 30 kwa wiki 38 ni saa 1,140 kwa mwaka. Scotland ilichagua idadi hiyohiyo, lakini tangu Agosti 2021 humpa kila mtoto wa miaka mitatu na minne, mzazi awe kazini au asiwe. Mbele ya mfano huo, hoja kwamba masharti ya England yalilazimishwa na hesabu inapungukiwa nguvu.

Bajeti ya Machi 2023, iliyowasilishwa na Jeremy Hunt, iliupanua mpango wa wazazi wafanyao kazi: saa 15 kwa watoto wa miaka miwili kuanzia Aprili 2024, kwa wa miezi tisa kuanzia Septemba mwaka huo, na saa 30 kwa wote hao kuanzia Septemba 2025. Serikali ya Labour iliyoingia madarakani Julai 2024 iliuendeleza. Kwa familia nyingi hii ni nafuu ya kweli. Hata hivyo, mtoto wa miezi tisa ambaye mama yake anatafuta kazi hana hata saa moja mpaka afikishe miaka miwili, na hapo hupata 15 ikiwa tu kipato cha kaya kiko chini ya kiwango kilichowekwa. Mama huyo naye anahitaji mahali pa kumwacha mtoto siku ya usaili.