Ningu: Samaki wa Ziwa Anayezaliana Mtoni

Trauti, samaki anayesifika duniani kwa uvuvi wa ndoana mitoni, huhitaji maji baridi yanayotiririka mwaka mzima. Ndiyo sababu alipandikizwa milimani. Mwaka 1905 alifikishwa katika Mto Gura, kwenye safu ya Aberdare nchini Kenya. Kata ya Kiloleli iko kwingine kabisa: katika Wilaya ya Busega, wilaya pekee ya Mkoa wa Simiyu inayopakana na Ziwa Victoria, ambako maji ni ya uvuguvugu na vijito vingi hukauka kiangazi. Samaki wa mtoni mwenye historia katika ukanda huu ni ningu.

Ningu ni samaki wa asili wa bonde la Ziwa Victoria. Mdomo wake umeelekea chini, naye hula mwani na mabaki yaliyo kwenye tope. Mvua kubwa zinapojaza mito, ningu waliokomaa hukusanyika milangoni mwa mito na kupanda kwa makundi hadi kwenye nyasi zilizofunikwa na mafuriko, ambako hutaga mayai. Vifaranga hulazimika kurejea kwenye mkondo kabla maji hayajapungua.

Safari hiyo ndiyo iliyomponza. Kwa vizazi vingi wavuvi walimtega kwa migono na uzio wa matete. Nyavu za makila zilipoingia ziwani, mwaka uleule wa 1905, baadaye zikatandazwa milangoni mwa mito, majike yakanaswa yakiwa na mayai. Sangara hulaumiwa kwa mengi, na mengine kwa haki. Lakini alipandikizwa ziwani katika miaka ya 1950, wakati ningu alikwisha kuanza kupungua.

Leo tishio lingine linatoka nchi kavu. Mto Simiyu na mito jirani hupita katika maeneo ya mashamba na malisho. Kingo zikilimwa, mvua hubeba udongo hadi kwenye mazalia.

Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inamtaka mvuvi kuwa na leseni, nayo inakataza matumizi ya sumu na baruti. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, eneo ambalo wakati wa mafuriko ndilo ningu hutagia.