Kiti cha Gari kwa Mtoto Mrefu Kuliko Umri Wake: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua

Wazazi na walezi wenye watoto wadogo waliowazidi kimo wenzao wa rika moja wanashauriwa kuchagua kiti maalumu cha gari kwa kuzingatia kimo, uzito na urefu wa kiwiliwili cha mtoto, badala ya kutazama umri pekee au ukubwa wa nguo anazovaa. Makosa mawili hujitokeza katika uchaguzi huo. La kwanza ni kuendelea kumkalisha mtoto katika kiti ambacho kimekwisha kuwa kidogo kwake. La pili, ambalo huwapotosha wengi, ni kumhamishia mapema katika kiti cha watoto wakubwa kwa sababu tu anaonekana mkubwa.

Kwa mujibu wa ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2023, watu wapatao milioni 1.19 hupoteza maisha kila mwaka duniani kutokana na ajali za barabarani, na ajali hizo ndizo chanzo kikuu cha vifo vya watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Shirika hilo linaeleza kuwa matumizi ya viti maalumu vya watoto ni miongoni mwa hatua zinazopunguza kwa kiasi kikubwa vifo vya watoto wachanga na wadogo ndani ya magari.

Sababu yake ni ya kifizikia. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likigonga kitu kigumu na kusimama ghafla, mtoto asiyefungwa huendelea kwenda mbele kwa mwendo uleule. Mgongano huo ni sawa na kuanguka kutoka kimo cha takriban mita 10, yaani ghorofa ya tatu ya jengo. Hakuna mikono ya mzazi inayoweza kumzuia mtoto katika hali hiyo, hata kama amempakata kwa nguvu zote.

Kimo hakikomazi shingo

Mtoto mwenye umri wa miaka miwili anaweza kulingana kimo na mtoto wa miaka mitatu au zaidi, lakini mifupa yake hubaki ya mtoto wa miaka miwili. Kichwa cha mtoto mdogo ni kikubwa na kizito kikilinganishwa na mwili wake, huku pingili za shingo zikiwa bado na sehemu za gegedu ambazo hazijageuka kuwa mfupa kamili, na kano zinazozishikilia zikiwa bado laini. Ukomavu huo huja kwa umri, wala hauharakishwi na kimo.

Gari linapogonga kwa mbele, mtoto aliyekaa akitazama mbele hushikiliwa kifua na mikanda, lakini kichwa chake huvutwa mbele na mzigo wote hubebwa na shingo. Mtoto aliyekaa akitazama nyuma husukumwa kwenye mgongo wa kiti, na nguvu ya mgongano husambaa katika kichwa, shingo na mgongo kwa pamoja. Kwa sababu hiyo wataalamu wa usalama barabarani husisitiza mtoto mdogo atazame nyuma kwa muda mrefu iwezekanavyo, hata kama ni mrefu.

Mtoto mrefu ni yupi

Viwango vya ukuaji vya WHO vilivyotolewa mwaka 2006 vinaonesha kuwa kimo cha wastani cha mtoto wa kiume anapotimiza miaka miwili ni takriban sentimita 87, na cha mtoto wa kike ni takriban sentimita 86. Anapotimiza miaka mitatu, wastani huwa sentimita 96 kwa mvulana na 95 kwa msichana. Mtoto wa miaka mitatu mwenye kimo cha sentimita 103 au zaidi yumo katika kundi dogo la watoto warefu sana kwa umri wao.

Tofauti hiyo ina maana kubwa katika uchaguzi wa kiti. Mvulana wa kimo cha wastani hufikia sentimita 100 akiwa na umri wa takriban miaka mitatu na nusu, ilhali mrefu sana hufikia kimo hicho kabla hajatimiza miaka mitatu. Mzazi anayefuata umri ulioandikwa kwenye boksi anaweza kujikuta na kiti kilichojaa mwaka mzima kabla ya muda aliotarajia.

Zaidi ya kimo cha kusimama, mzazi anapaswa kupima kimo cha kukaa. Mtoto akae sakafuni akiwa ameegemeza mgongo ukutani, kisha vipimwe vipimo viwili: kutoka sakafuni hadi utosini, na kutoka sakafuni hadi begani. Watoto wawili wenye sentimita 98 kila mmoja wanaweza kutofautiana sana. Mwenye miguu mirefu atakaa katika kiti kimoja kwa muda mrefu, na mwenye kiwiliwili kirefu atakijaza mapema.

Kusoma lebo ya kiti

Viti vilivyoidhinishwa kwa kanuni za Umoja wa Mataifa huwa na lebo ya rangi ya chungwa yenye herufi E ndani ya duara, ikifuatwa na namba ya nchi iliyotoa idhini. Kanuni zinazoonekana kwenye lebo hizo ni mbili.

Kanuni Namba 44, ambayo ni ya zamani, hugawa viti kwa uzito wa mtoto: hadi kilo 13 kwa viti vya wachanga, kilo 9 hadi 18 kwa viti vya mikanda ya mabega, na kilo 15 hadi 36 kwa viti vya kuinulia. Kanuni Namba 129, iliyoanza kutumika mwaka 2013, hutumia kimo cha mtoto kwa sentimita pamoja na kikomo cha uzito. Kanuni hiyo inalazimisha mtoto atazame nyuma hadi atimize angalau miezi 15, na inataka kiti kifanyiwe jaribio la kugongwa ubavuni, jambo ambalo kanuni ya zamani haikulitaka.

Kwa mtoto mrefu, kiti cha Kanuni Namba 129 hurahisisha uchaguzi kwa sababu kimo kimeandikwa waziwazi. Viti vingi vya kundi hilo vyenye mikanda ya mabega hufika sentimita 105, na vipo vinavyomruhusu mtoto kutazama nyuma hadi sentimita 125. Mzazi asome kikomo cha kimo na cha uzito kwa pamoja, kwani mtoto akifikia kimojawapo, kiti hicho kimekwisha muda wake kwake.

Kwa viti vya mikanda ya mabega vinavyofungwa kwa vishikio vya ISOFIX chini ya kanuni hiyo, uzito wa kiti na mtoto kwa pamoja hautakiwi kuzidi kilo 33. Kiti chenye uzito wa kilo 15 kinamruhusu mtoto wa hadi kilo 18 tu. Mtoto mrefu ambaye pia ni mzito anaweza kufikia kikomo hicho kabla kimo chake hakijafika mwisho, na atahitaji kiti kinachofungwa kwa mkanda wa gari.

Mfano wa Sweden

Sweden ndiyo nchi yenye historia ndefu zaidi ya viti vinavyotazama nyuma. Profesa Bertil Aldman alibuni kiti cha kwanza cha aina hiyo katika miaka ya 1960, baada ya kutazama namna wanaanga walivyolazwa chali ili mgongo upokee nguvu ya chombo kinaporuka. Watoto wengi nchini humo hutazama nyuma hadi umri wa takriban miaka minne. Sweden pia ina jaribio la hiari liitwalo Plus Test, ambalo hupima mzigo unaoangukia shingo ya mtoto na ni kali kuliko matakwa ya kanuni za kawaida.

Uzoefu huo unajibu hofu ya wazazi wengi kuhusu miguu. Mtoto mrefu anayetazama nyuma hukunja magoti, huyapanua pembeni au huegemeza nyayo kwenye mgongo wa kiti cha gari. Mkao huo ni wa kawaida na hauwaumizi watoto, ambao viungo vyao hukunjika kwa urahisi. Miguu kugusa kiti cha gari si dalili kwamba mtoto amekizidi kiti chake.

Dalili kwamba kiti kimekuwa kidogo

Kwa kiti kinachotazama nyuma, mwongozo wa mtengenezaji hueleza kichwa kinaruhusiwa kufika wapi. Viti vingi vinataka utosi ubaki chini ya ukingo wa juu kwa angalau sentimita 2.5. Mikanda ya mabega itoke usawa wa mabega au chini yake kidogo.

Kwa kiti kinachotazama mbele, mikanda itoke usawa wa mabega au juu yake kidogo. Mabega yakipita tundu la juu kabisa la mikanda, au ncha za masikio zikifika ukingo wa juu wa kiti, mtoto amekizidi. Mwongozo wa kiti husika ndio wa mwisho katika kila jambo, na mtoto mrefu apimwe kila baada ya miezi mitatu.

Mtego wa kiti cha kuinulia

Kiti cha kuinulia hakina mikanda yake. Humwinua mtoto ili mkanda wa gari upite katikati ya bega na juu ya mifupa ya nyonga. Chini ya Kanuni Namba 44 viti hivyo huanzia kilo 15, na chini ya Kanuni Namba 129 vingi huanzia sentimita 100. Hapo ndipo mtoto mrefu anapoingia hatarini: akiwa na miaka miwili na miezi minane anaweza kutimiza vigezo vyote viwili vya lebo na bado asifae kukalia kiti hicho.

Usalama wa kiti cha kuinulia hutegemea mtoto kukaa wima safari nzima. Mtoto wa umri huo husinzia, huinama kuokota kitu, au huchomoa mkono chini ya mkanda. Akiteleza, mkanda hupanda tumboni, na ajali ikitokea unaweza kuumiza viungo vya ndani badala ya kushika nyonga. Inashauriwa mtoto abaki katika kiti cha mikanda ya mabega hadi atimize angalau miaka minne na aweze kukaa kwa utulivu, hata kama itabidi kununua kiti kirefu zaidi cha aina hiyo. Baadaye ataendelea kutumia kiti cha kuinulia hadi afikie sentimita 145 hadi 150, kimo ambacho mkanda wa gari huanza kumkaa vizuri.

Kukagua gari lenyewe

Kiti bora kisichokaa vizuri garini hakimlindi mtoto. Magari mengi yanayotumika Afrika Mashariki huagizwa kutoka Japani yakiwa yametumika, na vishikio vya ISOFIX havimo katika yote, hasa ya miaka ya nyuma. Mzazi apapase kwenye maungio ya kiti cha nyuma kutafuta vyuma viwili, au alama yake iliyoshonwa kitambaani. Visipokuwepo, achague kiti kinachofungwa kwa mkanda wenye sehemu tatu.

Viti virefu vinavyotazama nyuma huhitaji nafasi. Katika magari madogo kama Toyota Vitz au IST, kiti cha abiria wa mbele huenda kikalazimika kusogezwa, hivyo ni vyema kukijaribisha kabla ya kulipa. Kiti chenye mguu wa kukitegemeza hakifai kuwekwa juu ya sakafu yenye kisanduku cha kuhifadhia vitu chini yake, isipokuwa mtengenezaji wa gari ameruhusu. Kiti kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi, kwani mfuko huo ukifunguka humpiga mtoto kichwani.

Kiti kikishafungwa, kitikiswe mahali mkanda au vishikio vinapopita. Kisisogee zaidi ya sentimita 2.5. Mikanda ya mtoto ikazwe hadi vidole visiweze kushika ziada yake begani, na sweta nene livuliwe kwanza.

Viti vilivyotumika

Kiti kilichotumika kinunuliwe tu kutoka kwa mtu anayefahamika na anayeweza kuthibitisha kuwa hakijawahi kuwa ndani ya gari lililopata ajali. Plastiki inaweza kuwa na ufa usioonekana kwa macho. Kagua tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, lebo ya idhini, mikanda isiyochanika, kifungo kinachobana na kufunguka sawasawa, na mwongozo wa matumizi. Kiti kisicho na lebo kisinunuliwe kwa bei yoyote.

Kwa muhtasari, mzazi mwenye mtoto mrefu afanye yafuatayo:

1. Apime kimo, uzito na kimo cha kukaa. Kadi ya kliniki inaweza kumsaidia kufuatilia mwenendo wa ukuaji.

2. Achague kiti cha mikanda ya mabega chenye kikomo cha juu kabisa cha kimo na uzito kinachoingia katika gari lake.

3. Amwache mtoto atazame nyuma hadi afikie kikomo cha kiti hicho.

4. Akijaribishe kiti garini, mtoto akiwa amekaa ndani yake, kabla ya kulipa.

5. Asiharakie kiti cha kuinulia kwa sababu ya kimo pekee.

6. Amfunge mtoto katika kila safari, hata ya kwenda dukani, kwa kuwa gari halihitaji kwenda mbali wala kwa kasi kubwa ili kumdhuru mtoto asiyefungwa.