Hospitali za Mtaa wa Matajiri na Sheria ya Mwaka 1977

Kwetu Musoma, Bunda na Butiama, ugonjwa ukimzidi mtu, huwako jamaa atakayeshauri apelekwe Dar es Salaam kwa waganga wa kulipa. Wengine hudhani ya kuwa hospitali hizo zimekuwako siku zote. Sivyo. Zina historia yake, na mzaliwa wa Butiama ana sehemu kubwa katika historia hiyo. Kwa hiyo twaisimulia hapa kwa ufupi.

Zamani za Wadachi tiba ya Dar es Salaam iligawanywa kwa rangi. Mwaka 1897 ilijengwa Hospitali ya Ocean Road, kando ya bahari, kwa ajili ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walitibiwa katika hospitali iliyojengwa kwa fedha za Sewa Haji, tajiri wa Bagamoyo. Walipotawala Waingereza mgawanyo huo haukuondoka: Wazungu walikaa Oysterbay, na Wahindi wengi Upanga. Tena waganga wenye kujitegemea walikaa palipo na fedha, kama vile mwenye duka akaavyo penye njia ya watu. Mwaka 1964 ikafunguliwa Hospitali ya Aga Khan, upande wa Upanga.

Huku ziwani mambo yalikuwa mengine. Mganga atafutaye faida angepata nini kwa mkulima wa muhogo? Waliokuja ni wamisioni. Wamennonite kutoka Marekani walifika Shirati mwaka 1934, na kazi yao ya kuuguza ikakua hata ikawa hospitali.

Hata mwaka 1967 likatoka Azimio la Arusha. Mwalimu Julius Nyerere, Rais wa nchi, aliona ya kuwa uhai wa mtu si bidhaa. Mwaka 1977 ikapitishwa sheria iliyokataza uganga wa kujipatia faida. Mashirika ya dini yaliruhusiwa kuendelea, maana hayakutafuta faida. Katika wilaya nyingine serikali ilishirikiana na Kanisa: hospitali ni ya Kanisa, na serikali husaidia mishahara na gharama. Ndiyo maana ya jina Hospitali Teule, lililopewa na hospitali ya Bunda.

Nia ya sheria ilikuwa njema, wala hatuilaumu. Lakini kuufunga mlango mmoja si kuufungua mwingine. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, bei ya mafuta, na umaskini wa miaka iliyofuata viliidhoofisha hazina ya serikali. Zahanati zilikuwako, dawa zikakosekana. Mganga alipokea mshahara usiomtosha, na wengine wakahama nchi. Mwaka 1987 Profesa Hubert Kairuki alianzisha hospitali Mikocheni, ikaitwa Mission Mikocheni. Na sheria ya 1977 ilikuwa ingali na nguvu.

Mwaka 1991 sheria ikabadilishwa, waganga wakaruhusiwa tena kujitegemea. Mwaka 1993 hospitali za serikali nazo zikaanza kutoza ada. Basi hospitali za kulipa zikaongezeka upesi. Lakini ziliongezeka hasa mijini, na zaidi Dar es Salaam, katika mitaa ya wenye mali. Vijijini hazikuja kwa wingi. Hata Musoma, hospitali kubwa ya Kwangwa, iliyopewa jina la Mwalimu, ilikaa miaka mingi mno bila kumalizika.

Uingereza nako uko mtaa kama huo, Harley Street mjini London, maarufu kwa waganga wa matajiri tangu karne ya 19. Lakini tangu mwaka 1948 nchi ile ina pia tiba ya umma, inayolipiwa kwa kodi za wote. Mwalimu alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, katika Hospitali ya St Thomas', ambayo ni hospitali ya umma.

Basi twajifunza nini? Sheria ya kukataza haikumletea mwanakijiji mganga, wala sheria ya kuruhusu haikumletea. Mganga hukaa palipo na wa kumlipa. Kwa hiyo tusiulize tu nani auze tiba. Tuulize nani amlipie asiye na kitu. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote, yaani mwenye afya achangie matibabu ya mgonjwa. Neno hili si geni kwa Mkristo. Yule Msamaria hakuishia kufunga jeraha. Alitoa fedha yake, akamlipia mtu asiyemjua.