Gari jepesi la spoti: jipya au la mtumba? Tuulize historia kwanza

Wasee, wiki iliyopita binamu yangu alinitumia picha mbili usiku wa manane. Ya kwanza ilikuwa ya Mazda MX-5 nyekundu, mpya kabisa, nailoni bado iko kwenye viti. Ya pili, gari aina hiyohiyo lakini lina miaka sita, liko kwenye mnada huko Japan, limetembea kama kilomita 40,000. Chini yake aliandika maneno mawili tu: "Gani sasa?"

Enyewe, hili si swali dogo. Huyu jamaa ameweka akiba miaka mitano, shilingi kwa shilingi, na karo ya mdogo wake wa sekondari ni yeye hulipa kila muhula. Mjomba keshatoa hukumu yake: "Gari la watu wawili? Sasa mamako ataketi kwa boneti?" Lile jipya linataka mkopo wa benki juu ya akiba yote. La mtumba, akiba inatosha na kuna kitu kinabaki.

Nikataka kumjibu haraka, nikajizuia. Hili swali lilikuwepo kabla yetu, na wenzetu walishalijibu mara kadhaa. Tuone walijibu nini.

Ukoo ulioanza na mtumba

Twende Uingereza, miaka ya baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Kijana mmoja, Colin Chapman, alikuwa anasomea uhandisi University College London. Kando ya masomo alikuwa na hustle ambayo mtu yeyote wa Nairobi anaijua: kununua magari yaliyotumika na kuyauza. Halafu mwaka wa 1947 serikali ikaondoa mgao wa petroli kwa wenye magari ya kawaida. Bila petroli nani ananunua gari? Soko likaanguka, na Chapman akabaki na kimeo, Austin 7 kuukuu lisilopata mteja.

Badala ya kulilia hasara, akalivua mwili wake na kulijengea mwingine mwepesi, ili ashindane nalo. Hiyo ilikuwa 1948. Gari hilo ndilo lililokuja kuhesabiwa kuwa Lotus ya kwanza, na miaka minne baadaye kampuni ikaanzishwa rasmi. Kwa hivyo mtu akikuambia gari la spoti la kweli lazima litoke dukani likinukia plastiki, mwambie ukoo wa Lotus ulianza na mtumba uliokosa mnunuzi.

Falsafa ya Chapman ilikuwa rahisi: punguza uzito. Fikiria hivi. Gari zito linahitaji injini kubwa. Injini kubwa inaleta mwendo mkali, kwa hivyo unahitaji breki kubwa na tairi pana. Na vyote hivyo vinaongeza uzito, unarudi mwanzo. Gari jepesi linakata huo mzunguko. Linapiga kona vizuri na kusimama mapema, na injini ndogo inatosha. Na hii watu husahau: tairi zake ni ndogo, breki zake ni ndogo, petroli yake ni kidogo. Wepesi unafika mpaka mfukoni.

Mwaka wa 1957 Lotus ikatoa Seven, gari la chini ya kilo 500, halina hata milango ya maana. Hapa ndipo ushuru unaingia kwenye hadithi. Uingereza ilikuwa inatoza kodi ya ununuzi kwa gari lililokamilika, lakini vipuri vilivyouzwa kama seti, ujiungie mwenyewe nyumbani, vilikwepa kodi hiyo. Vijana wengi wakanunua Seven ikiwa vipande na kuiunga kwa gereji ya mzee. Je, hilo lilikuwa gari jipya au la nini? Mwenye kuamua alikuwa mtu wa ushuru. VAT ilipoingia 1973 ujanja huo ukafika mwisho, na mwaka huohuo kampuni ya Caterham ikachukua haki za kuunda Seven. Inaiunda mpaka leo.

Wakati hakukuwa na jipya

Miaka ya sitini ilikuwa raha tupu kwa mpenda magari madogo. Lotus Elan ilitoka 1962, ikiwa na uzito wa chini ya kilo 700. MGB na Triumph Spitfire pia zilitoka 1962. Ungeweza kuwa mwalimu au karani na ukawa na gari la spoti.

Halafu mambo yakaharibika polepole. Marekani, soko lao kubwa, ikaleta sheria za usalama na moshi. Kuanzia 1974 MGB ikavishwa bampa kubwa nyeusi za raba na kuinuliwa juu, na ile raha ya kona ikapungua. Viwanda vya Uingereza vilikuwa vinayumba, pesa ya kuunda muundo mpya haikuwepo. Kiwanda cha MG pale Abingdon kikafungwa 1980. Spitfire nayo ikaisha mwaka huohuo.

Kwa hivyo kijana wa miaka ya themanini aliyetaka gari jepesi la wazi, la bei ya mtu wa kawaida, chaguo lake kubwa lilikuwa mtumba wa Kiingereza. Na mtumba huo ulikuwa na sifa zake: oili inadondoka sakafuni na stima inagoma mvua ikinyesha. Mapenzi yalikuwepo, lakini Jumatatu asubuhi unapanda basi.

Hapo ndipo Mazda ikaingia. Mwaka wa 1979 mwandishi wa magari Mmarekani, Bob Hall, alikutana na Kenichi Yamamoto, mkubwa wa uhandisi wa Mazda. Yamamoto alimuuliza kampuni iunde nini. Hall akamwambia kuhusu yale magari madogo ya Kiingereza yaliyokuwa yanapotea: injini mbele, nguvu kwenye tairi za nyuma, paa la turubai, bei nafuu. Baadaye Hall mwenyewe akaajiriwa na Mazda. Miaka kumi baada ya ile stori, Februari 1989, MX-5 ikaonyeshwa Chicago. Injini ya lita 1.6, na kwa Japan uzito wa kama kilo 940. Wahandisi wake walikuwa na msemo wa Kijapani, jinba ittai, yaani farasi na mpandaji kuwa kitu kimoja.

Sasa mpya ikawa na maana. Ulipata raha ya Elan, na asubuhi gari linawaka. Hapo, mwaka wa 1989, ningemwambia binamu achukue jipya bila kufikiria mara mbili.

Lakini ngoja. Bei ya kuanzia Marekani ilikuwa dola 13,800, na watu walilipapatikia hivi kwamba wauzaji wengi wakaongeza pesa juu ya bei ya kampuni. Waliotaka kuwa wa kwanza walilipia huo ukwanza. Na baadhi ya injini za mwanzo zikaja kuonyesha udhaifu kwenye ncha ya mbele ya krenki, tatizo ambalo Mazda ilirekebisha kwa kubadilisha muundo. Waliosubiri na kununua baadaye walipata gari bora kuliko waliokimbia. Mpya si dawa ya kila ugonjwa.

Hata sisi tuna ushahidi

Kama unadhani haya ni mambo ya Wazungu na Wajapani pekee, kumbuka Safari Rally. Mwaka wa 1965 Joginder Singh na kaka yake Jaswant walishinda wakiwa na Volvo PV544 iliyokuwa tayari imetumika kwenye mashindano. Mtumba! Si gari la spoti, ni saluni ya familia, lakini ilizipita timu za viwanda zilizokuja na magari mapya. Miaka minane baadaye, 1973, Shekhar Mehta akashinda na Datsun 240Z, gari la spoti lililoandaliwa na kiwanda chenyewe. Zote mbili zilifika kwanza. Joginder alikuwa fundi, gari lake alilijua ndani nje. Mehta alikuwa na kiwanda kizima nyuma yake. Binamu yangu hana kiwanda nyuma yake. Ana mimi, na mimi kazi yangu ni kuandika.

Turudi Mombasa

Leo Kenya mpaka wetu kwenye hili swali umechorwa na sheria. Gari lililotumika likizidi miaka minane haliruhusiwi kuingia, lazima usukani uwe kulia, na lazima likaguliwe kabla ya kupakiwa melini. Kwa hivyo ile MX-5 ya 1989 yenye taa za kuchomoza, ile sisi sote tunaota, huwezi kuiagiza tu. Ukipata moja hapa nchini, ujue imeshapita mikononi mwa watu, na uiangalie chini ya milango kabla ya kuangalia rangi. Matundu ya kutolea maji ya paa huziba uchafu, maji yanakaa ndani, na kutu inakula chuma kimyakimya. Mazda yenyewe ilitangaza mwaka wa 2017 kwamba itafufua magari hayo ya kizazi cha kwanza huko Japan. Wakongwe wana thamani, lakini wanataka mwenye doh na subira.

Kinachobaki kwa mtu kama binamu ni kizazi cha nne, kilichoanza 2015. Na hapa kuna kitu kizuri sana. Magari mengi yamenenepa tangu miaka ya themanini, lakini toleo jepesi la Japan la kizazi hiki lilitoka na kilo 990 pamoja na vifaa vyote vya usalama vya kisasa. Ni kilo 50 tu juu ya babu yake. Tena la Japan la paa la turubai lina injini ya lita 1.5, na hapa kwetu injini ikivuka 1500 cc, kiwango cha ushuru wa bidhaa kinapanda. Ongeza ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16, uone vile kila shilingi ya bei inazaa nyingine. Gari la mtumba linatozwa kwa thamani iliyoshushwa na umri. Jipya linatozwa likiwa kwenye kilele cha bei yake, halafu siku ya kwanza barabarani linaanza kushuka. Ule mshuko wa kwanza ndio mkali zaidi, na kwa mtumba ulishalipwa na mtu wa Japan usiyemjua. Mshukuru kimoyomoyo.

Kwa hivyo jibu langu, manze, ni mtumba. Lakini mtumba wa akili. Itisha karatasi ya mnada. Ukiona alama ya R kwenye daraja, uliza, maana inaonyesha gari lilipata ajali na kutengenezwa. Linganisha kilomita na rekodi za servisi. Halafu ile pesa iliyobaki usiifanyie rimu mpya. Iweke kwa bima, tairi na fundi anayeelewa, na ukumbuke gari la chini hivyo litasalimiana na kila tuta la mtaani kwenu.

Najua kuna mtu atasema mtu akifanya kazi kwa bidii anastahili kitu kipya. Sikatai. Mimi pia napenda harufu ya nailoni. Lakini niliangalia hesabu ya ule mkopo. Kila mwezi, kwa miaka minne, kiasi kinachokaribia karo ya muhula kingekuwa kinaenda benki. Falsafa ya Chapman ilikuwa kupunguza uzito, na mkopo pia ni uzito. Gari la kilo 990 lenye deni la miaka minne si jepesi tena.

Nilimtumia binamu haya yote jana jioni, kwa kirefu, mpaka stori ya Austin 7. Tiki mbili zimegeuka buluu, jibu bado. Wewe ungemwambia achukue gani?