Mjukuu mwenye usonji anapokataa shule: Yanayowapasa babu na nyanya kujua

KATIKA familia nyingi nchini, jukumu la kulea huwaangukia babu na nyanya wazazi wanapofariki, kutengana au kwenda mijini kusaka riziki. Mzigo huu huongezeka maradufu iwapo mjukuu ana usonji, na kila asubuhi ni vuta nikuvute ya kumfikisha shuleni.

Aghalabu majirani huwa wepesi wa kuhukumu. Nyanya huambiwa amemdekeza mtoto, na methali 'mtoto umleavyo ndivyo akuavyo' hugeuzwa kuwa shtaka dhidi yake.

Hata hivyo, usonji hautokani na malezi mabaya, na mara nyingi mtoto huyu hakatai shule kwa ukaidi. Kuna jambo linalomlemea, na yule anayeishi naye usiku na mchana ndiye aliye na nafasi bora ya kuling'amua.

Usonji ni nini?

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri jinsi mtu anavyowasiliana, anavyotangamana na wenzake na anavyopokea sauti, mwangaza, harufu na mguso. Daktari Leo Kanner wa Marekani aliieleza mwaka 1943 baada ya kuwachunguza watoto 11. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mwaka 2021, mtu mmoja kati ya 127 alikuwa na hali hiyo.

Urithi wa kijenetiki huchangia pakubwa. Usonji si laana wala mapepo. Wala hausababishwi na chanjo: makala ya mwaka 1998 yaliyohusisha usonji na chanjo ya ukambi yalifutwa na jarida la Lancet mwaka 2010.

Hakuna dawa ya kuuponya, ila mafunzo ya mapema ya mawasiliano na ya kujitunza humsaidia mtoto kupiga hatua. Aidha, watoto hawa hawafanani. Mmoja huenda asitamke neno, mwingine akasoma gazeti akiwa na miaka mitano lakini ashindwe kucheza na wenzake.

Kwa nini shule humlemea?

Mlio wa kengele, kishindo cha mvua kwenye mabati na zogo la darasa lenye makumi ya wanafunzi vyaweza kumuumiza mtoto mwenye usonji. Sweta ya sare humwasha. Harufu ya choo humfanya ajizuie kutwa nzima. Mwalimu aliyemzoea akihamishwa ghafla, mpangilio wote wa siku humvurugikia.

Wapo wanaojikaza wawapo darasani, kisha wakifika nyumbani wakalia na kujigonga vichwa. Mwalimu husema mtoto ni mtulivu, nyanya naye husema hashikiki. Wote wawili wanasema kweli.

Kilio cha kulemewa ni tofauti na cha kudai kitu. Anayelilia peremende hunyamaza akiipata. Aliyelemewa hawezi kujizuia hata akipewa akipendacho. Huhitaji mahali patulivu, maneno machache na muda. Kiboko humzidishia hofu tu, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakiharamisha shuleni.

Daftari la mlezi

Dalili ya mvua ni mawingu. Kwa majuma mawili, mlezi na aandike siku na saa ya kila mkasa, kilichoutangulia na kilichomtuliza mtoto. Asiyejua kuandika anaweza kumtuma kijana wa nyumbani.

Mambo yataanza kujitokeza. Akilia Jumatatu na Ijumaa pekee, yamkini ni gwaride la kupandisha bendera linalomtisha. Akikataa siku za mvua, huenda ni kelele za mabati. Akigoma ghafla baada ya kuhudhuria vyema kwa muda mrefu, achunguzwe kama ana maumivu ya jino au sikio, kifafa, au kama anaonewa na wenzake. Mtoto asiyezungumza hawezi kujieleza.

Daftari hilo humpa mwalimu la kufanya. Mtoto anaweza kuingia darasani baada ya gwaride, kukalia kiti kile kile kila siku, au kuvaa fulana laini ya pamba ndani ya sare. Picha zilizopangwa ukutani kuonyesha kunawa, kunywa uji, kuvaa sare, njia na darasa humwezesha kujua kitakachofuata.

Aliyekaa nyumbani kwa miezi mingi asirudishwe kwa siku nzima. Aanze kwa saa moja au mbili, kisha muda uongezwe polepole.

Sheria na stakabadhi

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi bila malipo na ya lazima. Kifungu cha 54 kinawapa walemavu haki ya kusoma katika taasisi zilizojumuishwa katika jamii, kwa kadiri ya mahitaji yao.

Sheria ya mwaka 2013 nayo inamtaka mwalimu mkuu achunguze sababu za mwanafunzi kukosa shule. Nyanya anapoitwa ofisini asiende kujitetea kama mshtakiwa, bali aende na daftari lake.

Hatua inayofuata ni tathmini. Vituo vya serikali vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalum vilianzishwa mwaka 1984, na afisa wa elimu wa eneo humwelekeza mlezi kilicho karibu. Taasisi ya Elimu Maalum (KISE) iliyoko Kasarani, Nairobi, pia hufanya kazi hiyo.

Kituo hupendekeza iwapo mtoto asomee darasa la kawaida kwa usaidizi, shule maalum, au kitengo maalum ndani ya shule ya kawaida kama kile cha Shule ya Msingi ya City, Ngara. Mtaala wa umilisi una mkondo wa wasioweza kufuata masomo ya kawaida, ambapo mtoto husonga kwa hatua zake akijifunza kuwasiliana, kujitunza na kazi za mikono.

Kadhalika, mlezi awe na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, na baada ya uchunguzi hospitalini amsajili kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu (NCPWD).

Babu na nyanya wengi hulea bila hati yoyote. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inamruhusu mzazi kuteua mlezi kwa wosia au kwa hati, na mahakama pia inaweza kumteua. Hati hiyo huondoa utata shuleni na hospitalini.

Mlezi naye alindwe

Anayelea ana mgongo unaouma na shinikizo la damu. Mpango wa Inua Jamii huwapa wazee waliosajiliwa, wa miaka 70 na zaidi, Sh2,000 kwa mwezi, kiasi kisichotosha nauli ya kila siku. Jamaa walioko mjini wana wajibu wa kuchangia si pesa tu, bali pia siku za kumpumzisha.

Fauka ya hayo, familia iamue mapema atakayemrithi nyanya katika ulezi. Mtu huyo aanze kumzoea mtoto sasa, amsindikize shuleni mara kwa mara na alisome daftari lile. Mtoto anayetishwa na badiliko la kiti darasani atahitaji muda mrefu kuzoea badiliko la mlezi.